Nondo Mdogo wa Taani: Jinsi ya Kumtambua Mdudu Mkunja Majani ya Mpunga



Kila msimu, mpunga ukiisha kushika majarubani, wakulima wa Madibira huja kwa Bwana Shamba na habari ile ile: "Nondo wamejaa kwenye taa, mpunga umekwisha." Wengine hawaji. Wakiona nondo jioni, asubuhi huenda dukani kununua dawa, na jioni ya pili bomba liko mgongoni.

Somo hili limeandikwa ili kabla ya kutoa fedha yako ujue mambo matatu. Kwanza, nondo aliyekuja kwenye taa ni nani? Pili, je, watoto wake wamo katika mpunga wako? Tatu, mpunga wako umefikia umri gani? Ukiweza kuyajibu hayo, utajua kama dawa inahitajika. Mara nyingi utaona kwamba haihitajiki.

1. KOSA NILILOLIFANYA MIMI

Nilipokuwa kijana katika kazi hii, mzee mmoja aliniletea nondo watano ndani ya kopo. Walikuwa weupe-weupe, wadogo, wamenaswa taani. Nilikuwa nimesoma habari za mdudu mkunja majani, na kwa haraka nikamwambia ndiye huyo. Mzee akanyunyiza dawa mara mbili. Baadaye, mpunga ulipochanua, masuke mengi yalisimama meupe, makavu, hayana punje. Nilipasua mashina nikamkuta kiwavi ndani. Alikuwa mdudu mtoboa shina, si mkunja majani. Dawa ilipita juu ya majani, na kiwavi alikuwa amekwisha kuingia ndani ambako dawa ile haikumfikia.

Mzee yule hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, siku nyingine tazama kwanza." Maneno hayo ndiyo shina la somo hili.

2. KWA NINI NONDO HUJA KWENYE TAA

Nondo wengi hutembea usiku. Mchana hujificha katika kivuli chini ya majani ya mpunga na katika nyasi za kingo. Jua likizama hutoka ili kutafuta mwenzi na kutaga mayai.

Watu wamedhani kwa muda mrefu kwamba nondo huipenda taa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 na wataalamu waliopiga picha za mwendo za wadudu usiku ulionyesha jambo jingine. Mdudu arukaye hugeuza mgongo wake upande ulio na mwanga zaidi, kwa sababu tangu zamani mwanga wa usiku hutoka juu, mbinguni. Akikaribia taa, hugeuza mgongo kuielekea taa, akapinda, akazunguka, akashindwa kuondoka. Kwa hiyo nondo wa taani amenaswa njiani.

Hili lina maana kwako. Nondo aliyekuja kwenye taa ya nyumba yako huenda ametoka shambani kwako, au kwa jirani, au katika nyasi za kando ya mfereji. Taa hukuambia kwamba nondo wapo katika nchi hii usiku huu. Haikuambii wamo katika jaruba gani. Tena, usiku wa mbalamwezi wachache huja, na usiku wa giza wengi huja, hata kama shambani idadi yao ni ile ile.

Kutumia taa kupeleleza wadudu si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1960, Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililokuwa Muguga, Kenya, lilitumia mitego ya taa kufuata safari za nondo wa viwavijeshi. Taa ilitoa onyo, kisha watu wakaenda mashambani kutazama. Na wewe fanya hivyo hivyo.

3. JINSI YA KUWATAZAMA TAANI

Huhitaji chombo cha ghali. Chukua taa ya chemli, au karabai, au taa ya sola. Itundike karibu na shamba, kimo cha kiuno au kifua. Nyuma yake tundika shuka jeupe. Chini yake weka beseni la maji yenye povu kidogo la sabuni, ili wanaoanguka wasiruke tena.

Fanya hivi kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku. Vaa nguo za mikono mirefu, maana mbu nao huja, na malaria ni adui mkubwa kuliko nondo.

Usimtazame nondo anaporuka. Ngoja atue. Nondo akitulia juu ya shuka, namna anavyokunja mabawa yake ndiyo alama ya kwanza ya kumtambua. Ukimshika kwa vidole, unga wa mabawa hutoka na alama hupotea. Mfunike kwa gilasi au kopo la plastiki linaloonyesha.

4. ALAMA ZA NONDO MKUNJA MAJANI

Mdudu tunayemzungumza wataalamu humwita Marasmia trapezalis, na wengine Cnaphalocrocis trapezalis. Hula mpunga, mahindi, mtama na nyasi nyingi. Anaye ndugu yake mashuhuri huko Asia, Cnaphalocrocis medinalis, ambaye tabia zake ni karibu sawa na zake.

Tazama mambo haya manne:

(a) Ukubwa. Ni mdogo. Akitulia, mwili wake una urefu wa kama punje moja ya mpunga usiokobolewa.

(b) Umbo. Akitulia hueneza mabawa yakawa bapa kwa pande tatu, mfano wa ncha ya mshale. Hayakunji juu ya mgongo kama paa la nyumba.

(c) Rangi. Mabawa ni ya manjano iliyochanganyika na hudhurungi, kama majani makavu ya mpunga.

(d) Mistari. Juu ya mabawa kuna mistari myeusi-myeusi miembamba inayokata bawa kwa upana, miwili au mitatu, na ukingo wa nje wa bawa una utepe mweusi.

Akiwa na alama zote nne, una sababu ya kumshuku. Akikosa hata moja, endelea kusoma.

5. WENGINE WANAOFANANA NAYE

Mtoboa shina mweupe. Huyu ndiye aliyenidanganya. Ana rangi nyeupe iliyoingia manjano kidogo, na ukingo wa mbele wa bawa una mstari mwekundu wa kahawia unaokwenda kwa urefu. Hana mistari ya kukata bawa. Kiwavi wake hukaa ndani ya shina.

Mtoboa shina wa madoa. Rangi yake ni ya majani makavu, na mbele ya kichwa ana kitu kilichochomoza kama pua. Mabawa huyakunja juu ya mgongo. Huyu hushambulia sana mahindi na mtama, na hufika katika mpunga pia.

Mtoboa shina wa waridi. Ni mnene, mwenye manyoya mengi, rangi ya kahawia hafifu. Kiwavi wake ana rangi ya waridi.

Nondo wa viwavijeshi. Ni wakubwa zaidi kuliko mkunja majani, wa kijivu na kahawia, wenye mwili mnene. Kiwavijeshi vamizi, aliyeonekana Tanzania mwaka 2017, ni wa jamaa hii, na chakula anachokipenda zaidi ni mahindi.

Nondo wa kiwavi mwenye mfuko. Ni mdogo, mweupe sana, na mabawa yana madoa madogo ya kahawia na meusi. Kiwavi wake hukata ncha ya jani, akajitengenezea mfuko, akaelea nao juu ya maji. Ukiona vipande vya majani vinaelea jarubani kama vijiti vilivyokatwa kwa kisu, ndiye. Yeye hutaka maji yaliyosimama. Ukiyatoa maji kwa siku chache, hupungua.

Waona, ndugu, nondo watano wanaweza kuja kwenye shuka moja, na kila mmoja ana dawa yake au hana haja ya dawa.

6. KUTOKA TAANI KWENDA SHAMBANI

Asubuhi yake ingia jarubani kabla jua halijawa kali. Pita polepole ukisukuma majani kwa fimbo. Nondo mkunja majani wakiwapo, watatoka kivulini, wataruka hatua chache tu, kisha watatua tena.

Halafu tafuta majani yaliyokunjwa. Kiwavi huchukua kingo mbili za jani, huzivuta pamoja na kuzishona kwa uzi wake, jani likawa kama bomba la urefu. Yeye hukaa ndani akikwangua unyama wa kijani na kuacha ngozi ya upande wa pili. Kwa sababu hiyo jani huonyesha michirizi mirefu meupe inayofuata urefu wake. Fungua bomba hilo. Utakuta kiwavi mwembamba, kijani-manjano, kichwa cha kahawia, pamoja na mavi yake madogo kama unga. Ukimgusa hujipinda kwa nguvu na kurudi nyuma haraka.

Jihadhari usichanganye na haya:

Ukame. Jani lenye kiu hujikunja lenyewe, lakini halina uzi wala michirizi, na asubuhi au maji yakiingia hufunguka.

Mbawakawa wa miiba. Ni mdudu mdogo mweusi mwenye miiba mgongoni. Naye huacha michirizi meupe, lakini jani halijakunjwa.

Kimyanga. Huu ni ugonjwa wa virusi. Jani huwa na mabaka ya manjano na mche hudumaa. Hakuna uzi, hakuna kiwavi, na hakuna dawa ya kunyunyizia inayouponya.

7. MAISHA YAKE KWA UFUPI

Nondo jike hutaga mayai madogo bapa juu ya majani. Huanguliwa baada ya siku 4 hadi 6. Kiwavi hula kwa muda wa majuma mawili hadi matatu, naye huhama jani hili kwenda jingine, hata akaharibu majani matatu au manne. Kisha hutulia bila kula ndani ya jani kwa muda wa juma moja au zaidi kidogo, akatoka akiwa nondo.

Kutokana na hesabu hii utaona kwamba siku unayoona nondo wengi taani, viwavi bado hawajaanza kazi. Unazo siku kadha za kupima na kufikiri. Hakuna sababu ya kukimbilia dukani usiku ule ule.

8. MAJARUBA MAWILI YA MADIBIRA

Skimu yetu ya umwagiliaji ina eneo la kiasi cha hekta 3,000, nayo hunywa maji ya mto Ndembera. Majaruba yamepakana, na wadudu hawajui mipaka.

Msimu mmoja mama mmoja alinijia asubuhi na mapema. Baada ya salamu alisema, "Bwana Shamba, shemeji yangu amekwisha kunyunyiza. Mimi nimeahidiwa mkopo wa dawa, nitalipa kwa gunia wakati wa mavuno. Nikaichukue?"

Nikamwuliza, "Mama, mpunga una siku ngapi tangu kupandikizwa?"

"Siku 28."

"Umefungua majani mangapi?"

Akacheka. "Hata moja."

Tukaenda pamoja. Tulikagua majani 100. Yaliyokunjwa yalikuwa 9. Tukayafungua yote. Ndani ya 4 kulikuwa na viwavi hai. Katika 2 tulikuta buibui ametulia na mabaki ya kiwavi. Matatu yalikuwa matupu. Nikamwambia, "Mama, askari wako wamekwisha kufika. Ukinyunyiza leo utawaua wao kwanza." Hakuuchukua mkopo. Tulirudi kukagua kila juma. Majani mapya yalitoka yakafunika yale yaliyochanika, na wakati wa kuvuna mpunga wake na wa shemeji yake haukutofautiana kwa kitu cha kutajwa. Tofauti ilikuwa lile gunia, ambalo lilibaki nyumbani kwake.

Majaruba mawili hayatoshi kuwa ushahidi. Kwa hiyo tazama nchi ya Vietnam. Huko, katika jimbo la Long An, wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino waliwaomba wakulima wajaribu wenyewe: sehemu ndogo ya shamba wasiinyunyizie dawa ya mkunja majani kwa siku 40 za kwanza, na sehemu nyingine wafanye kama kawaida yao. Wakulima waliona kwamba mavuno hayakupungua. Habari ilitangazwa redioni, na wengi wakaacha kunyunyiza mapema.

Sababu yake ni hii. Mpunga mchanga una nguvu ya kuotesha majani na machipukizi mengine. Jani lililokwanguliwa siku ya 28 halilishi punje ya mwezi wa mavuno. Jani linalolisha punje ni la mwisho, lile la juu kabisa lililo karibu na suke, pamoja na mawili yaliyo chini yake. Hayo ndiyo ya kulinda.

9. JE, NINYUNYIZE?

Kagua shamba hivi. Pita katikati ya jaruba kwa mshazari. Simama kwenye mashina 20, na kila shina tazama majani 5 ya juu. Hayo ni majani 100. Hesabu yaliyokunjwa yenye kiwavi hai, si matupu.

Kabla ya siku 30 tangu kupandikiza: usinyunyize kwa ajili ya mkunja majani. Endelea kukagua kila juma.

Kuanzia hapo hadi mpunga unapobeba mimba: Chuo Kikuu cha Kilimo cha Tamil Nadu, India, hutumia kipimo cha majani 10 yaliyoharibika katika 100. Ukifika hapo, mwite Bwana Shamba mkague pamoja.

Wakati wa kuchanua: kagua majani ya mwisho peke yake, 100. Kipimo cha huko ni 5 katika 100. Huu ndio wakati wa hatari ya kweli.

Vipimo hivi ni vya India. Vichukue kuwa alama ya kukusimamisha na kutazama vizuri. Usivifanye amri ya kufungua chupa. Ukikuta viwavi wengi wamekwisha kutulia ili wageuke nondo, au ukikuta buibui wengi, dawa itakuwa imechelewa au itadhuru kuliko kusaidia.

Iwapo hapana budi kunyunyiza, tumia dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania kwa ajili ya mpunga, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko. Vaa buti, glavu na kitambaa cha pua na mdomo. Usinyunyize penye upepo. Usioshe bomba mferejini. Maji yetu hurudi mtoni, na Ndembera huelekea bonde oevu la Ihefu, kisha Ruaha Mkuu. Wako watu, samaki na ng'ombe huko chini.

Na kumbuka jambo hili. Katika Asia ilionekana kwamba kunyunyiza ovyo kuliua buibui na wadudu wengine marafiki, na wadudu wafyonzaji wa mpunga wakafurika. Hata serikali ya Indonesia mwaka 1986 ilipiga marufuku aina 57 za dawa kutumika katika mpunga.

10. KUMZUIA BILA DAWA

(a) Gawanya mbolea. Mbolea ya yurea ikimwagwa nyingi kwa mara moja hufanya majani yawe laini, mengi na ya kijani kizito, na nondo huyapenda. Itie kwa awamu, kama unavyoelekezwa.

(b) Panda kwa nafasi na kwa mistari. Mpunga uliobanana hufanya kivuli, na kivuli ni nyumba ya nondo.

(c) Fyeka nyasi za kingo na mifereji kabla ya kupandikiza, maana mdudu hukaa humo wakati hakuna mpunga. Lakini usizichome moto. Buibui nao hukaa humo.

(d) Pandikizeni pamoja. Jirani wakipishana kwa miezi, mdudu hupata chakula kibichi msimu mzima.

(e) Walinde marafiki. Buibui hula nondo na viwavi, kereng'ende huwakamata nondo wakiruka, vyura hula walioanguka, na nyigu wadogo mno hutaga ndani ya mayai na viwavi vya adui yako.

Usitegemee taa kuwamaliza nondo. Taa moja haiwezi kukausha bonde zima, na katika beseni wamo pia marafiki wako. Itumie kwa siku moja moja, kwa kupeleleza.

11. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Nondo mkunja majani akitulia, mabawa yake hukaa namna gani?
2. Utatofautishaje jani lililokunjwa na kiwavi na jani lililojikunja kwa kiu?
3. Umeona nondo 30 taani leo. Mpunga wako una siku 25. Kesho utafanya nini?
4. Kwa nini jani la mwisho ni la thamani kuliko majani ya chini?
5. Ukifungua bomba la jani ukakuta buibui, hilo ni jambo jema au baya?

Wasomeeni watoto maswali haya jioni. Macho yao ni makali kuliko yetu, na wao ndio hukaa karibu na taa wakisoma.

Ukipata nondo usiyemjua, mtie katika chupa kavu pamoja na jani aliloharibu, andika tarehe na jaruba, umletee Bwana Shamba. Naye akishindwa, ataupeleka mfano huo kwa watafiti wa TARI Uyole, Mbeya. Kutojua si aibu. Mimi nilijua kwa haraka, na gharama yake akailipa mzee wa watu.